Ngome ya Hadleigh: mchoro huu si matanga tu

Kila anayeandika juu ya Ngome ya Hadleigh, mchoro wa rangi za mafuta wa Mwingereza John Constable, huanza na msiba. Na kweli msiba upo. Mkewe, Maria, alifariki Novemba 1828 kwa kifua kikuu, akamwachia watoto saba. Mwaka uliofuata Constable akaupeleka mchoro huu kwenye maonyesho ya Royal Academy, London. Basi, hukumu imeshatoka: mnara uliopasuka ni moyo wake, mawingu ni machozi, tufunge mjadala.

Mimi nasema tusiufunge haraka hivyo.

Hebu tutazame kilichomo. Kushoto umesimama mnara mrefu wenye ufa mkubwa; pembeni yake mwingine umebaki kama kisiki. Chini kuna mchungaji na mbwa wake. Mbali kabisa mto Thames unaingia baharini, na jua limepenya mawingu likayapiga maji mpaka yanameremeta. Constable mwenyewe aliongeza kwenye jina la mchoro kwamba ni asubuhi baada ya usiku wa dhoruba. Baada, jamani! Dhoruba imeshapita, mchungaji yuko kazini.

Hata ngome yenyewe haikuangushwa na tufani wala adui. Ilijengwa karne ya 13, ikauzwa karne ya 16, mawe yakang'olewa, na udongo wa kilima ukaporomoka. Ni uchakavu wa taratibu, si pigo la ghafla. Anayeutaka mnara huo uwe kifo cha Maria inabidi aulazimishe.

Jambo linalonigusa zaidi liko kwingine. Constable alifika Hadleigh mwaka 1814, akachora magofu kwa penseli kwenye kijitabu, kisha akamwandikia Maria barua kumweleza alichokiona. Walikuwa bado hawajaoana. Babu yake Maria alikuwa hamtaki kijana huyu, na ndoa ilifungwa 1816. Kwa hiyo baada ya mazishi mjane huyu hakwenda kutafuta gofu la kufananisha na huzuni yake. Alifungua kijitabu cha siku za uchumba, akachukua pahali alipowahi kumsimulia mpenzi wake, akapakuza mpaka pakajaza turubai ya zaidi ya mita moja na nusu kwa upana. Hapo ndipo ninapouona msiba: kwenye uamuzi wa kurudi kwenye ukurasa ule. Mawingu aliyachora maisha yake yote, hata alipokuwa na furaha.

Wengi husifu zaidi rasimu kubwa iliyopo Tate, London, yenye rangi nzito na mikwaruzo, kwa kuwa inaonekana kama kilio. Nawaelewa, ile rasimu si mchezo. Lakini mimi nauchagua mchoro uliokamilika, ambao sasa uko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Ng'ombe wake wamepangika mno, nakubali. Ila ndani yake kuna mtu aliyefiwa ambaye bado anajali mwanga unavyotua juu ya maji, akaufanyia kazi sawasawa mpaka mwisho. Tukiuita matanga tu, kazi hiyo yote tunaipita bila kuiona.