Bundi wetu hayumo kitabuni

Wandugu, nimemaliza staji. Kabla sijasahau, niseme neno juu ya kile kitabu cha picha tulichopewa tufundishie watoto ulinzi wa mazingira huku Minembwe.

Picha ni safi, sikatai. Lakini ukurasa wa kwanza ni simba, wa pili twiga. Mtoto wa mwaka wa nne akaniuliza: "Mwalimu, hawa wanakaa wapi?" Nikakosa jibu. Msitu wa Itombwe hauko mbali, na gorila wake wamo. Yumo na yule bundi ambaye wanasayansi walimpata 1951, kisha hawakumshika tena mpaka 1996. Miaka 45! Kitabuni hayumo.

Eti hifadhi ya Itombwe "iliundwa 2006", basi. Kwamba mipaka iliwekwa 2016, baada ya mazungumzo marefu na vijiji, hakuna hata mstari. Kumbe somo lenyewe lilikuwa hapo, maana baba wa yule mtoto ni mchungaji wa ng'ombe, na anachotaka kujua ni mpaka unapita wapi.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kuwapigia simu wanafunzi wa zamani, wachangie kuchapa vitabu vingine. Namba nyingi hazikupita. Si mnajua vita ilivyotutawanya. Mmoja nilimpata kambini Nakivale, Uganda. Nikamtumia zile picha kwa WhatsApp. Akacheka sana, halafu akaanza kunitajia majina ya ndege wa kwao, kumi na moja. Nimeyaandika kwa kalamu nyuma ya kitabu.