Nani Ameshika Simu?

Mchezo wa Emily is Away hauna cha kukimbia wala cha kupiga. Unakaa mbele ya kioo kinachoigiza kompyuta za Windows XP, unachati na msichana anayeitwa Emily, basi. Kyle Seeley, Mmarekani, aliutoa bure mwaka 2015. Una sura tano, moja kwa kila mwaka, kuanzia 2002 mnapomaliza sekondari hadi 2006.

Unapewa majibu matatu, unachagua moja, kisha unabonyezabonyeza vitufe vyovyote na maneno yanajiandika. Mwanzoni nilicheka. Sura ya mwisho ikanikata kicheko: unachagua neno la maana, linaanza kuandikika, halafu linafutika mbele ya macho yako. Kinachotumwa ni maongezi ya juujuu tu. Sijaona mchezo mwingine uliojua kwamba mapenzi ya ujana yamejaa ujumbe ambao haukutumwa.

Ila kuna jambo linanisumbua. Chochote utakachochagua, Emily anaondoka. Wapo watakaosema huo ndio ukweli wa maisha, na kwa sehemu nakubali. Lakini mchezo ukishaamua mwisho, mchezaji anabaki na huzuni bila kosa. Na kila Emily anaponyamaza, ukimya ni wake mwenyewe, maana kompyuta ni yake na hakuna mwingine anayesoma.

Sisi Ubena hatukupendana hivyo. Mwaka 2014 nilikuwa kidato cha tatu, na msichana niliyempenda alitumia kitochi cha dada yake. Tulikuwa na utaratibu: akibipu mara mbili, simu iko mkononi mwake, niandike. Asipobipu, nitulie. Meseji zilifutwa zikishasomwa, si kwa aibu kama ya kwenye mchezo, bali kwa sababu kitochi kile kilikuwa na wasomaji wawili.

Kuna wiki hakubipu siku nne. Siku ya tano nikanunua vocha ya jero na kuandika bila kusubiri. Nilimwambia najua ameshapata mwingine, na nikaongeza maneno ambayo hata leo siyarudii. Hakuna aliyenifutia hata herufi moja.

Jumatatu alinisubiri kando ya barabara kuu, mabasi ya Morogoro yakitupita kwa vumbi.

“Ulidhani unamwandikia nani?” akaniuliza.

Dada yake alikuwa ameisoma, kisha akampa mama. Siku zile nne simu ilikuwa Chalinze, dada alikokwenda kuuguza mtu. Hakunisemesha tena hadi tulipomaliza shule.

Nimeucheza mchezo huu mara tatu nikiwa chuoni, nikijiambia ni kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Nadhani nilikuwa natafuta msamaha, na mchezo unautoa kwa urahisi mno: ungefanya nini, kila njia ilifika palepale. Kwangu haikuwa hivyo. Nilikuwa na jibu la nne, la kusubiri bipu, na nililijua.

Emily is Away ni kazi nzuri, icheze. Mimi nausubiri mchezo wa kwetu, wenye kitochi kimoja na nyumba nzima ya wasomaji, ambamo kabla ya kuandika lolote lazima kwanza ujue nani ameshika simu.