Kupima Juu, Kuacha Chini: Sumaku ya Udongo Katika Viwanda vya Silesia

Udongo wa misitu ya Upper Silesia, kusini mwa Poland, huitikia sumaku kwa nguvu kwa sababu ya makaa ya mawe. Pairaiti iliyomo ndani ya makaa huungua tanuruni na kugeuka magnetaiti, vijiduara vidogo vinavyopaa na moshi na kutua chini ya misonobari. Risasi, zinki, kadimi na shaba, ambazo zenyewe hazivutwi na sumaku, husafiri pamoja navyo, nyingine zikiwa ndani ya fuwele na nyingine zikiwa zimegandia juu. Ndiyo maana koili ya MS2D, kifaa cha kupima usumaku wa udongo chenye kipenyo cha sm 18.5, ikiwekwa ardhini hutoa kwa sekunde chache fununu ambayo maabara ya kemia huitolea jasho na fedha. Hadi hapo hakuna ubishi.

Kazi huharibika pale mpimaji anapoamua kwamba usomaji wa juu unatosha na kuacha kupiga bomba la sampuli, linalotoa udongo wa chini tabaka kwa tabaka. Uamuzi huo hauna utetezi. Koili haioni mbali: nguvu yake hupungua kwa nusu katika mm 15 tu, na kufika mm 60 imebaki sehemu ya kumi. Tandiko la majani makavu lenye unene wa kidole linatosha kuishusha namba, na msitu mchafu ukaonekana nadhifu kuliko kiwanja kilichofagiliwa.

Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba namba moja ya juu haitaji chanzo. Katika Lower Silesia, nchi ileile ya Poland, kuna miamba ya basalti yenye magnetaiti yake ya asili, na udongo wake hupandisha kipimo pasipo bomba la moshi hata moja karibu. Nairobi na miteremko ya Kilimanjaro, kwenye udongo wa volkeno, mtego ni huohuo. Bomba la sampuli humaliza ubishi kwa dakika chache. Msitu uliomwagiwa majivu huonyesha kilele sentimita chache chini ya uso, kwenye tabaka la majani yaliyooza, kisha mwitikio hushuka. Juu ya basalti mwitikio hupanda kadiri mwamba unavyokaribia. Aliyewahi kuiona michoro hiyo miwili hawezi kuichanganya. Koili ya juu, maskini, inaweza kuipa namba moja.

Kosa hilo lina upande wa pili, na ndio wa hatari zaidi. Karibu na Bytom na Olkusz, risasi na zinki zilichimbwa tangu Enzi za Kati hadi mwaka 2020 kutoka miamba ya dolomiti. Galena na sfaleriti, madini yanayobeba metali hizo, si ya sumaku. Mahali ambapo uchafu umetokana na mawe hayo, si na moshi wa makaa, koili hukaa kimya huku udongo umejaa risasi. Hapo ndipo ugonjwa mmoja wa zamani hurudi: mstari wa ulinganifu kati ya sumaku na risasi uliochorwa kando ya mtambo wa umeme huhamishwa hadi kwenye machimbo, namba za sumaku zikageuzwa miligramu za risasi, na ramani ikapakwa kijani pasipostahili.

Si kila kipimo cha leo ni kibaya: kile cha masafa mawili, 0.47 na 4.7 kHz, hufanywa vizuri siku hizi, na kweli husaidia kutenga chembe laini zinazozaliwa udongoni na vijiduara vya tanuruni, lakini hakichukui nafasi ya bomba la sampuli.

Waliotangulia hawakuwa na haraka hii ya kuishia juu. Mwaka 1955 Eugène Le Borgne alikwisha kuonyesha, huko Ufaransa, kwamba udongo wa juu huweza kuuzidi wa chini kwa usumaku bila kiwanda chochote. Roy Thompson na Frank Oldfield, katika kitabu chao cha mwaka 1986 kuhusu usumaku wa mazingira, walitumia vipimo kadhaa kwa pamoja, wala hawakuabudu namba moja. Zygmunt Strzyszcz na Tadeusz Magiera, katika misitu hiyohiyo ya Silesia, walisoma udongo tabaka kwa tabaka na kuuweka kando ya kemia yake.

Ramani iliyotoka kwenye koili peke yake, bila sampuli ya bomba na bila kemia, ni ramani ya sumaku. Kuiandika jina la risasi ni kosa, na wahariri wa majarida waikatae.