Ufundi wa Kuachia Chaneli: Masafa ya Televisheni na Genge la Ufipa

Mwaka 2013, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Microsoft na kampuni ya UhuruOne walitangaza jaribio la kuwapatia wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam intaneti kupitia chaneli za televisheni zilizo wazi. Mwaka huohuo mradi wa Mawingu ulianza Nanyuki, Kenya, kwa njia hiyohiyo. Chaneli tupu inabeba data, hilo halina ubishi. Kazi ngumu ni kuiachia pale mwenyewe anapoihitaji, na umbo la ardhi ya Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, linaifanya kazi hiyo kuwa ngumu zaidi.

Kati ya megahezi 470 na 694 kuna chaneli 28 zenye upana wa megahezi 8 kila moja. Kituo cha televisheni chenye leseni kina haki ya kwanza. Redio tambuzi, yaani redio inayotambua chaneli zilizo wazi na kuhama inapobidi, inaruhusiwa kutumia kilichobaki, kwa sharti la kutomsumbua mtazamaji.

Kiwango cha IEEE 802.22, kilichotolewa mwaka 2011, kinapanga kwa sekunde jinsi redio hizo zinavyohama chaneli. Kituo mama, kinachoongoza redio za wateja, huweka vipindi vya ukimya ambapo redio zake zote huacha kurusha na kusikiliza. Mawimbi ya televisheni ya kidijitali, hata yakiwa dhaifu sana, yanapaswa kutambuliwa ndani ya sekunde 2, kisha chaneli iachwe ndani ya sekunde 2 nyingine. Huo si muda wa kuanza kutafuta pa kwenda. Ndiyo maana kituo mama huandaa mapema orodha ya chaneli za akiba na kuwagawia wateja wote. Amri ikitoka, wanahama pamoja; aliyeikosa anazijaribu chaneli za akiba kwa mpangilio wake mpaka akipate kituo tena.

Mitandao miwili ikilazimika kukaa kwenye chaneli moja, inagawana muda: kila milisekunde 160 zina vipande 16, na kila mtandao unarusha katika vipande vyake.

Sasa tuupeleke mfumo huu Rukwa. Sumbawanga iko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Redio iliyofungwa Muze, chini ya genge la Lyamba lya Mfipa, inaweza isisikie chochote kutoka juu, ikadhani chaneli ni tupu, huku jirani mwenye antena ndefu mahali pa wazi akiangalia televisheni kupitia chaneli hiyohiyo. Kinyume chake, mnara ukiwekwa ukingoni mwa uwanda, mawimbi yake yatasafiri mbali kuliko mhandisi alivyokusudia, na upande wa kusini-magharibi ni Zambia.

Kusikiliza peke yake, basi, hakutoshi. Marekani ilidai usikilizaji mwaka 2008, lakini mwaka 2010 ikaufuta kwa vifaa vinavyouliza kanzidata ya chaneli zilizo wazi: kifaa kinataja kilipo, kinapewa chaneli halali na nguvu ya kurushia.

Kwa Ufipa, kanzidata hiyo lazima ikokotolewe kwa ramani ya miinuko badala ya duara lililochorwa kuzunguka mnara, na iwe na vituo vya Zambia pia. Orodha ya akiba ya Muze isinakiliwe kutoka Sumbawanga. Bila hayo, redio itahama kwa kasi inayotakiwa na kutua kwenye chaneli ya mtu mwingine.