Mama Aliye Nyuma kwa Siku Moja

Mwaka 1958 Anne McLaren na John Biggers walitangaza katika jarida la Nature kwamba panya wamezaliwa hai baada ya kulelewa siku mbili ndani ya kioo. Walivichukua viinitete vikiwa na seli 8, wakavikuza kwa saa 48 hadi vikawa blastosisti, yaani vijipira vyenye maji ndani, kisha wakavitia katika miji ya mimba ya panya wengine. Sifa nyingi zilikiendea kile kimiminika cha kuvikuzia, ambacho mapishi yake yalitoka kwa Wesley Whitten wa Australia. Kwangu mimi fundo gumu lilikuwa limeshafunguliwa miaka miwili kabla, nalo lilikuwa la kalenda.

Hesabu ya panya huanza asubuhi. Jike akikutwa na kizibo ukeni, kile kigumu cheupe kinachoachwa na dume, basi hiyo ni siku ya 0.5. Akili ya kawaida ingesema kiinitete cha siku 3.5 kipelekwe kwa mama wa siku 3.5. Mwaka 1956 McLaren na Donald Michie walijaribu kuchanganya umri, wakaona mama wa siku 2.5 anafanya vizuri zaidi. Sababu yake inaeleweka. Kiinitete kilichotolewa kwao, kikasukumwa na maji na kukaa chini ya hadubini, huchelewa kukua. Kikifika mapema kitasubiri. Mji wa mimba hausubiri: hukaa tayari kupokea kwa muda mfupi tu, kuanzia siku ya 4 hivi, halafu hujifunga.

Mama huyo naye hapatikani hivi hivi. Jike wa panya asiyepandwa hawezi kudumisha homoni za kutunza mimba, kwa hiyo hupandishwa na dume aliyefungwa kizazi. Mwili unadanganyika, unajiandaa, na mayai yake mwenyewe yanapotea bila kurutubishwa. Tatizo ni kwamba mzunguko wake ni wa siku 4 au 5, hivyo kila usiku ni jike mmoja tu kati ya wanne au watano atakayekubali dume. Anayehitaji watano atenge zaidi ya ishirini. Hapa Whitten anarudi tena: alionyesha kwamba majike waliowekewa harufu ya dume huingia joto kwa wingi usiku wa tatu. Konzi ya takataka za kizimba cha dume, iliyotupwa kwa majike siku tatu kabla, inaokoa panya wengi.

Ndipo tunafika kwenye mkono. Viinitete vya seli 2 havitiwi kwenye mji wa mimba bali kwenye mrija wa mayai, kwa mama wa siku 0.5. Kila kimoja ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Pipeti ya kioo hupakiwa kimiminika, kipovu cha hewa, viinitete vikiwa vimepangwa foleni, kisha kipovu kingine. Fundi huchana utando mwembamba unaofunika ovari na kuutafuta mdomo wa mrija, uliojificha kwenye mikunjo. Tone moja la damu likiziba ncha ya pipeti, kazi imeharibika. Akipuliza, haangalii viinitete, maana havionekani. Anaangalia vipovu vikipita ndani ya mrija. Vikikaa, ameingiza. Vikirudi nyuma, viinitete vimerudi navyo.

Baada ya hapo mama awekwe penye joto mpaka azinduke, kwa kuwa mwili mdogo hivyo hupoa upesi ukiwa umelala kwa dawa. Apewe dawa ya maumivu, na asisogezwe karibu na dume mgeni. Hilo la mwisho si ushirikina wa maabara: Hilda Bruce alionyesha London mwaka 1959 kwamba dume mgeni anaweza kuiporomosha mimba changa.

Sipendi ripoti zinazotoa asilimia moja tu ya mafanikio. Whittingham, Leibo na Mazur, walipogandisha viinitete vya panya mwaka 1972, walitenganisha: asilimia 65 ya mama waliopandikizwa walishika mimba, na ndani ya hao zaidi ya asilimia 40 ya viinitete vilifikia watoto kamili. Mama asiposhika kabisa, mimi humshuku kwanza fundi, au kalenda. Akishika akazaa wachache, nageukia viinitete.

Na wachache wana shida yao. Mtoto akiwa peke yake tumboni hunenepa kupita njia, na mama hushindwa kumtoa. Kwa hiyo maabara nyingi huweka viinitete kumi na tano hivi hata ishirini kwa mama mmoja, zikijua vingine vitapotea. Siku ya 20 ikipita bila uchungu, fundi hulipasua tumbo, humfuta mtoto pua, humsugua mpaka awe mwekundu, humpaka takataka za kiota cha jike aliyejifungua siku hiyohiyo, kisha humchomeka katikati ya watoto wake. Jike mweupe huchaguliwa kumlea mtoto mweusi, ili baada ya wiki moja manyoya yaonyeshe nani alikuja kwa pipeti.