Vitabu Vinavyolala

Katika kartye ya Katoyi, hapa Goma, mutu akitafuta misumari, mabati ao nyuzi za umeme, hatembei mbali. Akitafuta kitabu kinachofundisha ginsi ya kufunga zile nyuzi, atazunguka siku nzima na kurudi mikono mitupu. Vitabu vya sala na madaftari ya shule tunaviona; kitabu cha mufundi hatukioni.

Sababu ni nyingi. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo uliteketeza maduka ya katikati ya muji. Januari 2025 vita iliingia Goma, benki na uwanja wa ndege vikafungwa. Lakini tusilaumu volkano na vita peke yake. Huko San Francisco, Marekani, duka la Stacey’s lilifunguliwa mwaka 1923, likasifiwa kwa vitabu vya waganga na wafundi. Nalo lilifungwa mwaka 2009, miaka 14 baada ya Amazon kuanza kuuzisha vitabu.

Watu wengine watasema: afazali, kishawishi cha kununua vitabu kimekwisha. Sivyo. Muuzaji aliyejua kazi yake alimuuliza mutu: «Unafanya kazi gani?» Ulizo lile lilikuwa lijamu. Telefone haiulizi kitu; tunajaza ndani yake vitabu mia, na hatusomi hata kimoja. Mutakatifu Yeronimo mwenyewe alikiri katika barua kwa Eustokia kwamba aliacha nyumba, jamaa na chakula kizuri, lakini vitabu vyake hakuweza kuviacha. Sisi tunamufuata katika uzaifu, si katika kusoma.

Tuseme kosa letu. Zamani kidogo tulinunua kitabu juu ya umeme wa jua, kwa sababu kilikuwa kizuri kwa macho. Miaka miwili kililala katika kabati, bado ndani ya plastiki. Kijana moja wa Katoyi, anayefunga umeme nyumbani mwa watu, alifunga bateri vibaya. Ikaungua, na mwenye nyumba akamudai feza yote. Alipotuelezea shida yake, tulifungua kile kitabu. Kosa lake lilielezwa mule, pamoja na picha. Tulinyamaza kwa haya.

Padri Jan Courtejoie, aliyekuwa vilevile munganga, alitoa huko Kangu, katika Mayombe, vitabu vidogo vya afya kwa maneno mepesi. Alijua kwamba kitabu cha kazi sherti kifike mikononi mwa mwenye kazi.

Basi, ndugu mapadri, waseminari na wakatekista, kama hatuwezi kufungua duka, tufungue kabati. Parokia iweke rafu moja ya vitabu vya wafundi, na daftari la kuandika majina ya wanaoazima. Kitabu tusichokigusa mwaka muzima kiende kule. Kitachafuka kwa mafuta na vumbi. Na iwe hivyo. Chetu kilikaa safi miaka miwili, na usafi wake haukumusaidia mutu.