Nan Shepherd Kavua Viatu

The Living Mountain nimekisoma mara mbili. Mara ya kwanza kitandani, nikakipenda. Mara ya pili Tosamaganga, mvua za Februari, gambuti zikikauka mlangoni, nikagombana nacho.

Ni kitabu chembamba cha Nan Shepherd, mwalimu wa Aberdeen aliyetembea milima ya Cairngorm, Uskoti, karibu maisha yake yote. Alikiandika kuelekea mwisho wa Vita Kuu ya Pili, akakiweka kwenye droo, kikachapwa 1977, miaka minne kabla hajafa. Siku hizi sura yake iko kwenye noti ya pauni 5 huko kwao.

Uzuri wake ni kwamba hana haraka na kilele. Vitabu vingi vya milima ni hesabu za mita tu: nani kafika, nani kashindwa. Yeye anaingia mlimani kama anayekwenda kumjulia hali jamaa. Anazunguka, analala majanini, anaufuata mto hadi unapochimbuka. Mtu wa Uhehe hahitaji kufafanuliwa hilo. Vilima vyetu havipandwi, vinapitiwa. Njia ya kushuka kutoka misheni kwenda Kalenga inakwenda kwa watu, na vijia vinavyochepuka vinakwenda kwenye vinyungu, yale mashamba ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa sababu udongo bado una maji. Masika vijia hivyo humezwa na majani. Unavitafuta kwa mguu, jicho halisaidii, na ukikosea hatua moja tope linakushika hadi gotini. Shepherd anaujua ujuzi huo wa mguu, na sijasoma aliyeuandika vizuri kuliko yeye.

Ugomvi wangu uko kwenye viatu. Kuna mahali anavivua, anatembea peku, anasifu raha ya tope lililopata jua. Nilimtafsiria shangazi ukurasa ule, naye alikuwa anachambua maharage. Akasikiliza, akauliza: “Viatu kavua mwenyewe?”

Ndiyo, shangazi.

“Basi anavyo.”

Nikwambie kweli, sijasoma uhakiki wa kitabu hiki uliofika hapo. Shangazi alikwenda shule peku, na hakuna asubuhi aliyoiita raha. Tope ni lilelile. Tofauti ni nani anaweza kurudi kuvaa. Shepherd hakuwa kipofu wa mambo haya, tusimwonee: ana sura nzima ya wakazi wa mlimani, wakulima waliompa malazi, na hafichi ugumu wa kazi zao. Lakini wao wanabaki watu wa kutazamwa. Anayehisi kwa mguu ni yeye peke yake.

Na hilo si jipya. Mskoti mwingine, Joseph Thomson, alipita Uhehe mwaka 1879 akiwa kijana wa miaka 21, baada ya mkuu wake Keith Johnston kufia Behobeho. Nyapara wa msafara alikuwa Chuma, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Thomson alitoa majuzuu mawili mwaka 1881. Chuma, aliyevuka matope mengi kuliko wote, hakuacha kitabu chake.

Hata hivyo ningependa kukiona kwa Kiswahili, na siyo kwa heshima tu. Mtafsiri atalazimika kuokota maneno tunayoyaacha mdomoni: tepetepe, utelezi, kinamasi, na ya Kihehe ambayo kamusi haijayapokea. Kwenye riwaya zetu njia huwa sentensi moja, mhusika kaondoka, mhusika kafika. Matope ya katikati nani kayaandika?

Jioni ile shangazi alitaka nimsomee tena, nikachagua sura ya maji. Alinikatiza mara moja tu, kuuliza huko Uskoti mto ukijaa wanavukaje.